Maumivu ya Mguu Yanayofuata Siku za Hedhi

Barua nne tulizozichagua kwa ajili ya safu hii zinahusu jambo moja ambalo hata baadhi ya waganga hulisikia kwa nadra: ugonjwa wa endometriosisi unapoigusa neva ya siatiki, ile neva nene inayoshuka kutoka kwenye nyonga hadi unyayoni. Waandishi wameomba majina yao yahifadhiwe, nasi tumeyahifadhi.

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, nina mtoto mmoja. Huu ni mwaka wa tatu nasumbuliwa na maumivu yanayoanzia ndani kabisa ya tako la kulia, yanateremka nyuma ya paja, yanapita kwenye kigimbi na kuishia ukingo wa nje wa unyayo. Mwanzoni yalikuwa yakinijia siku mbili kabla ya hedhi na kuniacha siku ya nne au ya tano, nikadhani ni uchovu. Sasa kila mwezi yanakaa muda mrefu zaidi, na siku za nafuu zimebaki kama kumi tu. Siwezi kuukalia upande wa kulia, kila kiti nakikalia kwa tako moja. Mwezi uliopita ndala ilinivuka nikiwa natembea, na sikujua mpaka mtu aliyekuwa nyuma yangu aliponiita akiwa ameishika mkononi. Nimepigwa eksirei ya kiuno, nimefanyiwa MRI ya uti wa mgongo, na majibu yote yalisema sina tatizo. Sindano za maumivu nilizochomwa makalioni sina tena hesabu yake. Mganga wa mwisho aliniambia kuwa nina msongo wa mawazo. Nimesikia watu wakitaja endometriosisi, lakini huo si ugonjwa wa tumbo? Utafikaje mguuni?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na ndala, kwa kuwa imenishtua kuliko maumivu yenyewe. Maumivu hutuambia kuwa neva inasumbuliwa, lakini kiatu kikivuka mguuni bila mwenyewe kujua, maana yake ni kwamba neva imeanza kushindwa kazi yake, ama ya kupeleka hisia, ama ya kuamrisha vidole vya mguu vishike. Simama sasa hivi karibu na ukuta, kisha utembee hatua kumi kwa visigino, vidole vikiwa juu, halafu hatua kumi nyingine kwa ncha za vidole. Ukiona mguu wa kulia unaanguka mapema au hauinuki sawa na wa kushoto, usingoje mwezi mwingine upite, nenda ukapimwe wiki hii na ueleze jambo hilo kabla ya jingine lolote.

Sasa nije kwenye swali lako. Endometriosisi ni hali ambayo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje ya mji wa mimba. Si ugonjwa wa watu wachache: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unawapata takriban asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani watu wapatao milioni 190. Kwa walio wengi tishu hizo huota kwenye ovari, nyuma ya mji wa mimba, kwenye mishikizo inayouhimili au kwenye kuta za utumbo na kibofu. Kuota kwenye neva ya siatiki ni nadra, lakini si jambo jipya katika tiba, kwani mgonjwa wa namna hiyo alielezwa katika maandishi ya kitabibu tangu katikati ya karne iliyopita.

Kinachowababaisha watu ni kudhani kwamba neva ya siatiki ni kitu cha mguu. Mguu ni mwisho wa safari yake tu. Chimbuko lake ni matawi yanayotoka kwenye pingili mbili za mwisho za kiuno na tatu za kwanza za sakramu, ule mfupa mpana ulio juu ya kifandugu. Matawi hayo hukutana ndani ya nyonga, ubavuni mwa viungo vya uzazi, yakifunikwa na utando mwembamba tu unaotandikwa ndani ya tumbo. Kutokea hapo neva, ambayo upana wake huweza kufikia sentimita 2, hupenya katika tundu la mfupa upande wa nyuma wa nyonga, ikapita chini ya msuli uitwao piriformisi, ndipo ikaingia takoni na kuteremka pajani. Kwa hiyo chembe za endometriosisi hazihitaji kusafiri hadi mguuni. Zikiota ndani ya nyonga mahali neva inapopita, mguu ndio utakaolia.

Zikishaota hapo, chembe hizo hutii homoni kama unavyotii utando wa mji wa mimba. Huvimba hedhi inapokaribia, huvuja damu hedhi inapokuja, na damu hiyo haina njia ya kutokea. Mahali penyewe ni pembamba, mfupa upande huu na msuli upande ule, hivyo uvimbe mdogo tu unatosha kuibana neva, na kemikali za uvimbe huichokoza zaidi. Siku chache baada ya hedhi uvimbe hupungua na mgonjwa akapumua. Lakini kila mzunguko huacha kovu kidogo, na makovu hayo hujilimbikiza mwezi baada ya mwezi hadi yakaizingira neva kwa ugumu usiolegea hata hedhi ikiwa mbali. Ndiyo sababu simulizi yako ya siku za nafuu zinazopungua ina uzito mkubwa kwangu. Maumivu yaliyoanza kwa kufuata hedhi na baadaye yakawa ya kila siku hayajabadili asili yake. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakati yameshakuwa ya kila siku, na kwa kuwa hakuna anayewauliza yalianzaje, ushahidi mkubwa kuliko wote hubaki nyumbani.

Upande wa kulia pia si ajabu. Katika wagonjwa walioripotiwa, karibu theluthi mbili waliumwa mguu wa kulia, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba upande wa kushoto utumbo mpana huilalia njia ya neva na kuikinga kwa kiasi fulani.

Kuhusu vipimo vyako: sidhani kama vilidanganya, ila vilitazama pengine. MRI ya uti wa mgongo inapigwa ili kuona pingili na diski, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, na huo ni uamuzi wa busara kwa mgonjwa anayefika mara ya kwanza akiwa na siatika, yaani maumivu ya neva hii, kwa sababu walio wengi sana tatizo lao liko kwenye diski iliyochomoza na kubana mzizi wa neva. Lakini picha hiyo huishia juu ya sakramu na haifiki kwenye tundu la nyonga ninalolieleza. Unachohitaji ni MRI ya nyonga, na karatasi ya maombi iseme wazi kwamba inatafutwa endometriosisi ya kina, ile inayozama ndani ya tishu, na kwamba neva ya siatiki ifuatwe kuanzia mizizi yake hadi takoni, pande zote mbili, ili upande mzima ulinganishwe na unaouma. Usidharau maneno ya karatasi hiyo. Mtaalamu wa picha akiandikiwa "maumivu ya mguu" atatafuta kitu kimoja, na akiandikiwa "siatika inayofuata hedhi" atatafuta kingine. Zipo picha maalumu zinazofifisha mafuta mwilini ili damu iliyoganda kwenye chembe hizo ing'ae, na ikiwezekana, kupigwa picha karibu na siku za hedhi husaidia. Altrasaundi ya njia ya uke ikifanywa na mtu aliyebobea huonyesha vizuri endometriosisi ya sehemu nyingine za nyonga, na kuipata huko huongeza shaka kuhusu neva, ingawa wapo wagonjwa ambao chembe ziliota kwenye neva peke yake na kwingine kote kukawa kweupe. Kipimo cha umeme wa neva na misuli hakitasema ugonjwa ni upi, lakini kitasema neva imeumia kiasi gani na usawa wa wapi, tena kitabaki kuwa kumbukumbu ya kulinganishia baada ya tiba. Kama utafanyiwa laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo wa kuchungulia tumbo, fahamu kwamba neva iko nyuma ya utando, na daktari asiyeufungua utando huo anaweza kutoka humo akasema hakuona kitu.

Kabla ya miadi, chukua daftari. Kila jioni andika tarehe, andika kama uko kwenye hedhi au la, uyape maumivu alama kati ya 0 na 10, useme yamefika wapi (takoni, pajani, kigimbini, unyayoni), na uongeze kama kulikuwa na ganzi au udhaifu. Miezi miwili inatosha kuonyesha mwelekeo, lakini kwa hali yako usingoje itimie, anza leo na uandike kwa kukumbuka miezi iliyopita. Nimewahi kumwona mgonjwa akikunjua kalenda ya ukutani aliyoichora misalaba kwa kalamu mbili, nyekundu ya hedhi na ya buluu ya mguu. Misalaba ya buluu ilizitangulia nyekundu kwa siku mbili kila mwezi, mwaka mzima. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa mafupi.

Neno moja kuhusu lugha, maana nalo huchelewesha watu. Sisi husema "mshipa" kwa kila kitu: mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, kano, hata ngiri. Mgonjwa akisema "mshipa wa mguu unanivuta", mmoja atasikia mishipa ya damu na kuagiza soksi za kubana, mwingine atasikia kano na kuagiza kukandwa. Eleza unavyojisikia badala ya kukipa jina: kunachoma kama moto, kunapiga kama shoti ya umeme, kumekufa ganzi, mguu haunyanyuki.

Na hizo sindano za makalioni, omba zisitishwe. Hazitibu chanzo, na sindano ikichomwa mahali pasipo sahihi inaweza kuijeruhi neva hiyo hiyo ya siatiki. Kama kuna ulazima wa sindano, ichomwe bega au paja, au upande usiouma kwenye robo ya juu ya nje ya tako. Ama kuhusu msongo wa mawazo, nani asingekuwa nao baada ya miaka mitatu ya kukaa kwa tako moja? Msongo unaweza kuzidisha maumivu, lakini hauvui ndala mguuni.

Kwa haki nitaje na upande wa pili. Si kila mguu unaouma wakati wa hedhi una chembe kwenye neva. Mwanamke mwenye endometriosisi ya kawaida ya nyonga anaweza kusikia maumivu yakitambaa hadi mapajani bila neva kuguswa, na mwenye tatizo la diski anaweza kuzidiwa siku za hedhi kwa sababu ya kemikali zinazokaza mji wa mimba. Kinachotenganisha hali hizi ni maumivu kushuka chini ya goti, ganzi yenye mipaka, udhaifu wa misuli, na uchungu mkali pale kidole kinapobonyeza katikati ya tako. Wewe unayo baadhi ya hayo. Muone daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake mwenye uzoefu wa endometriosisi ya kina, na umwombe akushirikishe kwa daktari wa neva badala ya kukurusha kutoka kwa mmoja hadi mwingine.

Jambo la mwisho kwako, na kwa yeyote anayesoma: ukipata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, ukashindwa kukojoa au ukajikojolea bila kujua, au miguu yote miwili ikalegea kwa pamoja, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo, chanzo kiwe endometriosisi au kitu kingine.

SWALI: Daktari, mke wangu ana miaka 27 na hatujapata mtoto. Amegundulika kuwa na endometriosisi inayogusa neva ya mguu wa kushoto. Ameandikiwa vidonge vya homoni avimeze kila siku bila kukatiza, na hedhi imesimama. Mguu umepata nafuu kubwa, lakini mama yangu ana wasiwasi kwamba damu isiyotoka inaoza ndani na itamfanya awe tasa. Jirani naye anasema aache dawa, ashike mimba, ugonjwa utakwisha wenyewe. Tumsikilize nani?

JIBU: Ndugu yangu, mpe mama jibu hili kwa heshima, kwa sababu hofu yake inaeleweka. Damu ya hedhi ni utando wa mji wa mimba uliojengeka na kisha kubomoka. Dawa anazomeza mkeo huuzuia utando huo kujengeka, unabaki mwembamba, na kwa hiyo hakuna kinachobomoka wala kinachorundikana. Hali hiyo haifanani na ya mtu ambaye hedhi yake imezibwa njia, ambako damu ipo na haina pa kutokea.

Nafuu aliyoipata mguuni ina maana kubwa kuliko faraja. Kama kusimamisha mzunguko kumetuliza neva, basi mzunguko ndio uliokuwa ukiichokoza, na taarifa hiyo inamsaidia daktari kupanga hatua zinazofuata. Dawa za kundi hili ni nyingi. Zipo za projestini peke yake, yaani homoni inayofanya kazi kama projesteroni ya mwilini, kama dienojesti ya miligramu 2 kwa siku au norethisteroni. Zipo zenye homoni mbili, ambazo hazimfai mwanamke aliyewahi kuganda damu mishipani, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na mwanga machoni, au mvutaji sigara aliyepita miaka 35. Zipo pia zenye nguvu zaidi, kama goserelini na leuprorelini, ambazo huzima amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye ovari na kumweka mwanamke katika hali ya kukoma hedhi kwa muda. Hizi hupunguza uimara wa mifupa, na ndiyo maana zikitumiwa kwa zaidi ya miezi sita huambatanishwa na kiwango kidogo cha homoni ya kuilinda. Kutokwa na matone ya damu yasiyo na ratiba katika miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida kwa projestini, wala si ishara kwamba dawa imeshindwa.

Hakuna kati ya vidonge hivyo kinachomfanya mwanamke kuwa tasa. Akiviacha, upevushaji wa mayai hurudi, kwa wengi ndani ya wiki chache. Inayochelewa ni ile sindano ya miezi mitatu, ambayo baada ya kuiacha mwili huweza kuchukua miezi kadhaa kurejea, kwa hiyo mtu anayetaka mtoto karibuni huepushwa nayo. Kinachoweza kuathiri uzazi ni ugonjwa wenyewe: sehemu kubwa ya wanawake wenye endometriosisi hushika mimba bila msaada, lakini wapo wengi wanaochelewa, hasa pale ovari na mirija inapokuwa imeshikana kwa makovu.

Jirani ana ukweli nusu. Wakati wa ujauzito hedhi husimama na homoni hubadilika, na baadhi ya wanawake hupata nafuu kweli, lakini wengine hawaipati, na baada ya kujifungua hedhi ikirudi ugonjwa nao hurudi. Mimba si dawa, na kumbebesha mtoto kazi ya kutibu neva ya mama yake si haki kwa yeyote. Hata hivyo, ikiwa ninyi wenyewe mnataka mtoto, msinyamaze mbele ya daktari, maana dawa hizi hazimpi nafasi ya kushika mimba anapozitumia na mpango wote hubadilika. Huenda akashauri kwanza neva ichunguzwe na kusafishwa, ndipo mjaribu. Huenda akawapa miezi kadhaa ya kujaribu huku maumivu yakidhibitiwa kwa njia nyingine. Huenda akawaelekeza kwenye msaada wa uzazi mapema. Uamuzi huo unategemea hali ya neva kuliko kitu kingine. Mguu wenye maumivu tu unaweza kuvumilia kusubiri, lakini mguu unaopoteza nguvu hauwezi.

Nikumbushe pia kwamba homoni huzituliza chembe, haziyeyushi kovu. Mkeo akiendelea kupimwa nguvu za mguu kila baada ya miezi michache, hata kama haumwi, mtakuwa mmefanya jambo la maana. Kuna hatari ya maumivu kunyamaza huku neva ikiendelea kubanwa taratibu.

SWALI: Nimeambiwa nifanyiwe upasuaji wa kuondoa endometriosisi kwenye neva ya siatiki. Unyayo wangu wa kulia hauinuki kwa miezi mitano sasa, nauburura. Naogopa wasije wakaikata neva nikawa kiwete kabisa. Na je, nikipasuliwa, nitatembea kama zamani?

JIBU: Hofu yako ni ya haki, na sitaifuta kwa maneno matamu. Upasuaji huu ni miongoni mwa ulio mgumu katika magonjwa ya wanawake. Daktari anashuka hadi kwenye ubavu wa nyonga, mahali penye mishipa mikubwa ya damu inayoweza kutoa damu nyingi kwa muda mfupi, anaifunua neva, kisha anabandua kovu na chembe kutoka juu yake kidogo kidogo. Profesa Marc Possover wa Uswisi ni mmoja wa waliofungua njia ya kuifanya kazi hii kwa laparoskopi na kujenga taaluma inayoshughulikia neva za nyonga. Kabla yake madaktari wengi waliifikia neva kwa kupasua tako kutoka nyuma, njia ambayo bado ina nafasi yake pale ugonjwa unapokuwa umetoka nje ya tundu la nyonga. Kwa wagonjwa wengi chembe huwa zimeikumbatia neva kutoka nje, na hapo neva huachwa nzima. Kwa wachache huwa zimeingia ndani ya nyuzi zenyewe, na daktari hulazimika kuondoa sehemu ya nyuzi zilizoharibika. Muulize wazi, kwa picha zako, anatarajia kukuta hali ipi, ameshafanya upasuaji wa neva hii mara ngapi, na nani atakuwa chumbani endapo mishipa ya damu au utumbo utahitaji mtaalamu mwingine. Daktari mzuri hachukizwi na maswali hayo.

Kuhusu kutembea, ni vyema uielewe hesabu ya neva. Ikiwa imebanwa bila nyuzi kukatika, inaweza kuamka ndani ya wiki au miezi michache baada ya kufunguliwa. Ikiwa nyuzi zimekufa, huota upya kutoka pale zilipojeruhiwa, kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kwenye tundu la nyonga hadi kwenye msuli wa muundi unaoinua unyayo ni kama nusu mita, hivyo unazungumzia siku 500, zaidi ya mwaka mmoja na miezi minne, kabla ya msuli huo kupata habari kwamba neva imerudi. Wakati huohuo msuli nao una subira yenye mwisho: ukikaa bila neva kwa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, nyama yake hugeuka mafuta na kovu, na neva ikifika hukuta nyumba haina mtu. Linganisha saa hizo mbili, utaona kwa nini mwenye unyayo unaoburuzika haambiwi asubiri aone. Miezi mitano bado ni muda wenye matumaini. Ningekuwa ndugu yako, ningekusihi usiuache ugeuke mwaka.

Wagonjwa wengi baada ya upasuaji husema maumivu ya kuchoma ndiyo yaliyoondoka kwanza, kisha hisia, na nguvu zikaja mwisho, wakati mwingine bila kurudi zote. Usishangae pia ikiwa wiki za mwanzo neva itapiga kelele zaidi ya awali, kwa kuwa imeshikwashikwa. Amitriptilini, gabapentini au pregabalini hutumika kuituliza, na dozi hupandishwa polepole kwa sababu ya usingizi na kizunguzungu. Ibuprofeni na ndugu zake husaidia maumivu ya hedhi kuliko haya ya neva, na hazifai kumezwa kwa miezi mfululizo na mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu.

Usingoje upasuaji ili uuhudumie mguu. Omba leo kifaa cha kushikilia kifundo, kile cha plastiki kinachoingia ndani ya kiatu na kuuzuia unyayo usidondoke, maana mtu anayeburura mguu hujikwaa, na kuvunjika nyonga katikati ya safari hii ni balaa la ziada. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akufundishe kuukunja unyayo kwa mikono yako mara kadhaa kwa siku ili kano ya kisigino isikakamae, kwani neva ikirudi na kukuta kifundo kimeganda itakuwa imechelewa kwa sababu nyingine. Na kwa kuwa ngozi ya unyayo imekufa ganzi, ukague kila usiku chini ya taa, na maji ya kuoga uyapime kwa mkono.

SWALI: Niliondolewa mji wa mimba miaka miwili iliyopita kwa sababu ya endometriosisi. Tumbo limetulia, lakini mguu wa kulia bado unaniuma, tena kwa vipindi. Daktari anasema haiwezekani ikawa endometriosisi kwa kuwa sina tena hedhi. Mnasemaje?

JIBU: Dada yangu, kwanza uliza jambo moja: je, ovari zako ziliondolewa? Kama ziliachwa, zinaendelea kutoa estrojeni, homoni ya kike inayozilisha chembe hizi, kwa mzunguko ule ule, na chembe zilizobaki kwenye neva hazina habari kwamba mji wa mimba haupo. Kuondoa mji wa mimba hakuondoi kilichoota nje yake. Hata ovari zikiwa zimeondolewa, dawa za kurudishia homoni zinaweza kuziamsha chembe zilizosalia, na chembe zenyewe zina uwezo wa kutengeneza kiasi kidogo cha estrojeni.

Hedhi huna, lakini mzunguko unaweza kuonekana kwa njia nyingine: matiti kujaa na kuuma, tumbo kujaa gesi, ute kuongezeka katikati ya mwezi, hasira zisizo na sababu. Ziandike dalili hizo safu moja na maumivu ya mguu safu ya pili, kwa miezi mitatu. Kisha hesabu siku kutoka mwanzo wa kipindi kimoja cha maumivu hadi mwanzo wa kinachofuata. Zikiwa 28 au karibu na hapo, mara tatu mfululizo, mpelekee daktari wako daftari hilo na uombe MRI ya nyonga. Zikiwa ovyo, leo kumi, kesho arubaini, basi diski na kiungo cha nyonga vichunguzwe kwanza.